Farasi anang'ata mbao, anayumba usiku kucha? Kabla ya kumfunga mshipi hesabu masaa

Hii naandika kwa masaisi wenzangu wa huku kwetu, Usa River, Kisongo, West Kili mpaka wale wa Moshi upande wa tambarare, na kwa yeyote alieachiwa farasi amtunze bila kufundishwa chochote. Farasi huku sio wengi, kwahiyo ukiuliza mtaani utajibiwa kwa akili ya ng'ombe, na kwenye hili akili ya ng'ombe inapoteza watu. Ng'ombe unampa majani jioni, anajaza tumbo, analala anacheua mpaka asubuhi ametulia zake. Farasi hacheui. Tumbo lake ni dogo, lita 8 mpaka 15 hivi kwa mnyama wa kilo mia nne na kitu, na lile tumbo linatoa asidi muda wote, awe anakula au hali. Kinachopoza ile asidi ni mate, na mate yake yanatoka akitafuna tu. Sasa mdomo ukikaa bila kazi masaa kumi we mwenyewe jaza hapo.

Mi nilijifunza kwa jike mmoja mwekundu, tumwite Zawadi. Aliletwa pale nilipokua nafanya kazi akiwa tayari ana huo mchezo, anashika ukingo wa hori kwa meno ya mbele, anakaza shingo, anatoa mlio kama mtu aliyeshiba anabeua. Tulimfunga mshipi wa shingoni, tukapaka pilipili kwenye mbao, tukapaka oili chafu, mbao zote zikawa nyeusi na yeye akahamia kwenye ndoo ya maji. Bosi wa wakati huo akasema huyu ana tabia mbaya, ataambukiza wengine, akatengwa boksi (chumba cha farasi bandani) ya mwisho kule karibu na stoo ambako haoni mwenzie yeyote. Akazidi.

Aliyenifungua macho hakua daktari wala mzungu, alikua mzee mlinzi wetu, Mmeru, mfuga mbuzi. Asubuhi moja nimefika nikamwamkia, "Shikamoo mzee, usiku umekuaje?" Akaniambia, "Marahaba. Usiku mzuri, ila yule wako wa kule mwisho hanilazi. Majani yake yanaisha kabla sijanywa chai ya saa tatu, halafu ni gwok, gwok, mpaka alfajiri. Mwanangu, yule ana njaa." Nikamwambia mzee hapana, ana kilo zake, ona mwili ule. Akacheka tu.

Nikapiga hesabu. Majani ya mwisho tulikua tunatoa saa kumi na moja jioni. Yanaisha saa mbili usiku. Majani mengine saa kumi na mbili asubuhi. Masaa kumi mdomo mtupu, kila siku, miezi nane.

Basi hatua zangu ni hizi, nazipanga vile ningezifanya leo kama ningeanza upya na yule mnyama.

Hatua ya kwanza: jua unaangalia nini

Kung'ata mbao nimeshaeleza. Wengi tunasema anakunywa upepo na tunaamini tumbo linajaa hewa, ila ile hewa sehemu kubwa inaishia pale juu kwenye njia ya chakula na kurudi, tumboni inafika kidogo sana. Wapo wasioshika kitu kabisa, wanakaza tu shingo na kuvuta. Usimchanganye na anaetafuna mbao kweli, yule anaebandua vipande na kumeza au kula magome ya miti ya uzio. Huyo mara nyingi ni majani hayatoshi na hajafika mbali, ukimuwahi anaacha.

Kuyumba: amesimama mlangoni, kichwa na shingo vinaenda kushoto kulia kushoto kulia, uzito unahama mguu huu kwenda ule, kama mama anaembembeleza mtoto mgongoni. Hii utaiona sana toroli la chakula likilia kona ile, au wenzake wakitolewa nje yeye akabaki.

Kuzunguka boksi: anatembea raundi ndani, we asubuhi unakuta njia imechimbika kwenye maranda kama njia ya mbuzi.

Kutikisa kichwa juu chini nako kupo, ila kama anafanya akiwa juani au akiwa amepandwa tu, angalia kwanza nzi, meno, lijamu na macho, inawezekana sio stresi.

Na hapa naomba usome taratibu. Farasi ambae hajawahi kuzunguka, alafu leo ghafla anazunguka upande mmoja, anasukumiza kichwa ukutani, anagonga vitu kama haoni, huyo sio stresi, pigia daktari sasa hivi hata kama ni saa nane usiku. Mahindi yenye ukungu yana sumu inayoharibu ubongo wa farasi, na anaweza kufa ndani ya siku chache au hata masaa. Huku kwetu mahindi yaliyonyeshewa yanauzwa rahisi kama chakula cha mifugo na ng'ombe anaweza kula asionyeshe kitu, kwahiyo mtu anaona hamna shida. Farasi usimpe, hata ukiyaosha, hata ukiyaanika. Kichaa cha mbwa nacho kinaweza kuanza na vituko, kwahiyo usiingize mkono mdomoni kwa mnyama aliyebadilika ghafla.

Hatua ya pili: lala nae

Sio utani. Usiku mmoja ukishindwa kabisa, mitatu ndio vizuri. Beba blanketi, kaa mbali kidogo asikuone, maana akikuona anaanza mambo ya kudai chakula na data yako inaharibika. Chukua daftari au simu, andika saa aliyoanza na saa aliyoacha, na kilichotokea kabla yake. Mbwa kabweka? Mwenzie katolewa? Pumba zimeisha? Majani yameisha?

Kama hulali hapo muulize mlinzi, na umuulize kwa heshima, umletee chai, umsikilize. Mlinzi anajua farasi wako kuliko we unaekuja saa moja asubuhi ukamkuta ametulia anakula.

Mchana nao uandike. Nilipoandika ya Zawadi wiki nzima niliona makundi mawili makubwa: lile la usiku baada ya majani kuisha, na lingine lililonishangaza, baada ya kumaliza pumba, dakika ishirini mpaka nusu saa anang'ata mfululizo. Hilo la pili nitalirudia.

Hatua ya tatu: daktari

Fupi hii. Mwite daktari wa mifugo anaejua farasi, aangalie meno, minyoo, miguu, na umuulize kuhusu vidonda vya tumbo, maana wang'ataji wengi wanakutwa navyo. Dawa ya vidonda ipo ya farasi, na dozi yake usiikisie kwa vidonge vya binadamu vya duka la dawa. Mwambie pia kama amewahi kupata msokoto wa tumbo, kwa sababu wang'ataji wana hatari kubwa zaidi ya aina moja ya utumbo kukwama ambayo bila upasuaji mnyama anaenda. Akigaragara, anaangalia ubavu, anakwangua chini, kinyesi hamna, usisubiri asubuhi. Na kumbuka farasi hawezi kutapika, kwahiyo achana na mambo ya kumnywesha vitu kwa chupa kama ulivyoona kwa ng'ombe.

Hatua ya nne: majani. Hapa ndipo kazi ilipo

Farasi akiwa huru porini anakula masaa kama 16 kwa siku, kidogo kidogo, hatua mbili anang'oa, hatua mbili anang'oa. Analala kidogo sana. Usiku kwake ni muda wa kula kama mchana. Sisi tunaufanya usiku wake uwe kama wa kwetu, hapo ndipo tatizo linapozaliwa.

Kwanza mjue uzito. Mizani ya farasi huku utaipata wapi, tumia futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, andika sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega la mbele mpaka ncha ya tako. Chukua ile ya kifua zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa urefu, gawa kwa 11,880. Zawadi alikua kifua 175, urefu 160, inakuja kilo 412. Ni makadirio ila yanatosha.

Sasa majani makavu kwa siku yasipungue asilimia 1.5 ya uzito wake, na kwa mnyama mwenye stresi wa mwili wa kawaida lenga asilimia 2. Kwa Zawadi ni kilo 8 hadi 9 za majani makavu. Ukitumia mabichi kumbuka zaidi ya robo tatu yake ni maji, kwahiyo unaongelea kama kilo 40, na mtu anaeleta kifurushi kimoja cha boda akasema ameshakulisha anajidanganya.

Alafu pima robota lako. Usikubali neno la muuzaji. Nilinunua mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia nyama na magunia, nikaanza kupima kila robota linaloshuka kwenye gari. Marobota ya safari moja, muuzaji mmoja, hayakulingana hata kidogo, kuna linalobebwa na mkono mmoja na kuna linalotaka watu wawili. Tulikua tunasema "Zawadi anakula nusu robota" na nusu robota ilikua inamaanisha kilo yoyote tu Mungu aliyoipenda siku hiyo. Nilipopima kweli nikakuta tulikua tunampa kilo 4 jioni na mbili asubuhi. Kilo moja ya majani makavu farasi anaimaliza kwa dakika 40 hivi. Fanya mwenyewe hesabu ya kilo 4: haifiki masaa matatu. Mzee na chai yake ya saa tatu alikua sahihi kabisa.

Majani gani? Rhodes, yale majani ya malisho yanayopandwa na kukaushwa, ikiwa imekatwa kabla haijakomaa sana ndio mpango mzima. Lusani (malisho ya jamii ya kunde) ni nzuri na inasaidia kupoza tumbo, ila changanya, usimjaze lusani tupu. Mabua ya mahindi na majani ya mpunga yale ya Moshi chini yanaweza kusaidia kama nyongeza ya kuchezea mdomo, lakini yakiwa ndio chakula kikuu ni magumu, yanaziba tumbo hasa akinywa maji kidogo. Kiangazi ndio kipindi kigumu, maana unagombania majani na wafuga ng'ombe wa uchagani, pikapu zinapandisha mlimani zimejaa mpaka dereva haoni nyuma, na bei inapanda kila wiki. Nunua mapema baada ya masika, weka juu ya mirunda yasiguse sakafu. Stoo ya majani ni hela iliyolala, najua, bosi atalalamika. Mwonyeshe gharama ya daktari ya msokoto mmoja.

Robota ukilifungua likatoa vumbi la kijivu au harufu ya chumba kilichofungwa, tupa. Usimpe hata aliyesimama tu.

Sasa namna ya kuyafanya yadumu usiku. Gawa. Sisi tulifika hapa: sehemu ndogo asubuhi, mchana padoki (uwanja wa malisho wenye uzio), sehemu jioni, na sehemu kubwa kuliko zote saa tatu usiku, anatoa mlinzi. Mlinzi aliongezewa kidogo kwa hiyo kazi, na ni haki yake. Hiyo ya saa tatu tunaiweka kwenye wavu wenye matundu madogo, sentimita 3 au 4, ili anyofoe kidogo kidogo. Ya kwanza nilitumia wavu wa goli la mpira niliouomba kwa vijana wa timu ya mtaa, nikaukunja mara mbili, nikajiona fundi. Matundu makubwa, akamaliza kwa saa moja na nusu, alafu akaingiza kwato akaning'inia mguu juu, bahati kamba ilikua ya katani imechakaa ikakatika. Usirudie. Tafuta mtu anaejua kushona nyavu za samaki, mpe kamba ngumu ya manila na mwambie ukubwa wa tundu, anakushonea, siku mbili unapata nyavu nne. Funga usawa wa kifua, ukiwa mtupu usining'inie mpaka magotini, na uufunge kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Kama farasi wako amepigwa viatu, bora boksi la mbao lenye kichanja cha matundu juu.

Lengo ni moja, mdomo usikae mtupu zaidi ya masaa manne mfululizo. Ukishindwa, sita. Andika ukutani.

Hatua ya tano: pumba zipunguze

Nilisema nitarudia. Chakula cha wanga na kitamu, pumba za mahindi, mahindi yaliyoparazwa, molasesi, kinawasha ule mchezo hasa. Utaona mwenyewe, anamaliza ndoo, anageuka, anashika mbao. Zawadi alikua anapewa kilo tatu asubuhi tatu jioni na kazi yake ilikua kumbeba mgeni saa moja na nusu kwa mwendo wa taratibu mashambani. Kwa kazi hiyo majani mazuri yanamtosha karibu kabisa. Tukashuka nusu kilo kila siku nne, sio ghafla, mpaka tukabaki na kilo moja kwa siku, iliyogawanywa, na anaipata baada ya majani, sio kabla. Kama anahitaji mwili, mashudu kidogo ya alizeti au mafuta ya kula kikombe yanafanya kazi bila kumwasha.

Pumba za ngano peke yake kila siku usifanye, zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, mifupa inaharibika taratibu huoni. Ongea na daktari kuhusu chokaa ya mifugo. Na chakula cha kuku KAMWE, hata mkiwa mmeishiwa, vingine vinatiwa dawa ya kuzuia koksidia (ugonjwa wa kuhara wa kuku) ambayo kwa kuku ni kawaida na kwa farasi inaua moyo. Ndoo ya kuku ikae stoo nyingine kabisa.

Hatua ya sita: kampani

Farasi ni mnyama wa kundi. Anaeyumba mlangoni mara nyingi anatafuta mwenzie. Kwahiyo kile tulichomfanyia Zawadi, kumtenga asiambukize, kilikua kinyume chake. Hilo la kuambukizana wengi wanaliamini, ila kinachoonekana zaidi ni kwamba farasi wa banda moja wanakula ratiba moja na kufungiwa masaa yale yale, kwahiyo wanaumwa ugonjwa mmoja, hawajaigana.

Mrudishe katikati. Ukuta wa kati ukate juu, waonane na kugusana pua, hata kuchunana singa. Toa mbao mbili tu uone. Kama farasi ni mmoja tafuta punda mpole au mbuzi wawili, huku mbuzi sio shida, ila mbuzi na majani ya kwenye wavu ni mtihani mwingine, weka hesabu yao. Kama punda ametoka mnadani mtenge kwanza, mtoe minyoo, mkague, kabla hajaingia.

Wapo waliofunga kioo kwenye boksi, na Uingereza kuna utafiti uliochapishwa 2002 ulioonyesha wayumbaji wanapungua sana wakiwa na kioo. Kwetu tumia kile cha plastiki kisichopasuka, usilete kioo cha kabati. Na kaa nae siku ya kwanza, wapo wanaotaka kupigana na yule wa kwenye kioo. Mi bado naona punda ni bora kuliko kioo, punda anatoa joto.

Hatua ya saba: atoke nje

Kutembea na mtalii saa moja sio kutoka nje, hiyo ni kazi. Kutoka ni padoki, bila tandiko, bila lijamu, na mwenzie, agaragare anavyotaka. Masaa mengi kadri unavyoweza. Ukiwa na uzio salama na mlinzi mwache na usiku pia, ila huku kwetu fikiria fisi na chui kwa wale wa karibu na hifadhi, na fikiria ugonjwa wa farasi unaoenezwa na vidudu vidogo vya kuuma wakati wa mvua, vinavyotoka zaidi jua linapozama na alfajiri. Msimu huo waingie ndani kabla ya giza, watoke jua likipanda, na chanjo iwe imekamilika. Kwahiyo miezi ile ya mvua ndio majani ya usiku yanakua muhimu mara mbili, maana ndani wanakaa zaidi.

Masika matope ya udongo mweusi yanawafunga, najua. Mwaga kokoto au moramu sehemu moja tu ya kusimama karibu na geti, wakae hapo na wavu wao. Hata nusu uwanja wa mpira wa wavu ni bora kuliko boksi.

Vitu vya kuacha, na hili nalisema kwa hasira kidogo

Mshipi wa shingoni. Unamzuia kung'ata, haumwondolei kinachomfanya ang'ate, na ukiufungua anang'ata kuliko mwanzo kama anaelipa deni. Tulipomfungua Zawadi shingo ilikua na kidonda chini ya singa, nywele zimeota nyeupe mpaka leo. Kama daktari amesema avae kwa muda kwa sababu maalum, sawa, ila usiamue mwenyewe.

Pilipili, oili chafu, waya wa umeme juu ya hori, fimbo. Vile vyuma vya umbo la V mlangoni vya kumzuia asiyumbe, anasogea nyuma hatua moja anayumbia ndani. Kuondoa kila ukingo ndani ya boksi mpaka anabaki na ukuta mtupu. Hivi vyote mnyama anabaki na stresi ile ile, ila sasa hana pa kuitolea.

Badala yake mpe sehemu yake. Mbao moja laini ya kubadilishika, kingo zimepigwa randa hazina vijiti wala misumari, imefungwa imara. Meno ya mbele yanalika kwa kung'ata chuma na zege, kwenye mbao laini yanalika taratibu. Mwambie daktari ayaangalie kila mwaka.

Kama una mtoto wa farasi

Hapa ndipo unaweza kuzuia kabisa, kwahiyo soma hata kama huna haraka. Kuna utafiti mwingine wa Uingereza wa 2002 uliofuatilia watoto wa farasi 225 kwa miaka minne, na waliopewa nafaka baada ya kuachishwa kunyonya walikua na hatari ya kung'ata mbao mara nne zaidi. Waliofungiwa ndani wakati wa kuachishwa nao walifanya vibaya kuliko walioachishwa padoki. Wengi wanaanza kung'ata wakiwa na miezi mitano hivi, yaani pale pale kwenye kuachishwa.

Kwahiyo usimchomoe mama usiku mmoja ukamfungia mtoto peke yake na ndoo ya pumba ya kumpoza. Mwachishe akiwa kwenye majani, pamoja na watoto wenzie au jike mzee mpole asiye mama yake, taratibu. Ukiwa na majike wawili wenye watoto, mtoe mama mmoja kwanza, wiki chache mbele mtoe wa pili.

Utegemee nini

Anaetafuna mbao kwa njaa, wiki mbili tatu utaona tofauti. Anaeyumba, ukimpa mwenzie na nje, anapungua sana, saa ya chakula labda atabakiza kidogo. Badilisha na sauti zako za saa ya chakula, lisha wote kwa wakati mmoja, au anza na yule mwenye shida, usimpitishie toroli puani ukaanza na wa mwisho.

Mng'ataji wa miaka mingi haachi. Ubongo wake umeshashika njia ile, hata ukimpa kila kitu ataendelea kiasi. Usimuuze kwa kumficha, mwambie mnunuzi. Pima kwa daftari lako lile lile, sio kwa kumbukumbu, maana siku ukiwa umechoka utaona anang'ata masaa yote na siku umelipwa utaona amepona.

Zawadi sasa hivi usiku anatafuna majani mpaka saa tisa hivi, anapumzika, anarudi kwenye yaliyobaki alfajiri. Baada ya kile kikombe cha pumba bado anaenda kwenye mbao yake, dakika kumi, gwok gwok, alafu anaondoka kwenda kumchokoza punda. Ile mbao imeshaliwa upana wa kidole kimoja, Jumamosi naenda kwa fundi wa mninga pale njia panda anichongee mabaki mengine, ila ya mti laini nimemwambia, mninga aache.